Mtafiti wa otofaji: amenukuliwa mara 9,472 lakini h yake ni 6, inakuwaje?

Nyegezi_Darubini
Wakuu, salaam. Kikundi chetu cha kusoma makala hapa Mwanza kimenipa kazi ya kueleza utafiti wa mwanabiolojia mmoja wa seli anayeshughulika na otofaji, yaani seli kujila sehemu zake chakavu. Google Scholar inaonyesha ana kazi 8, amenukuliwa mara 9,472, ila kipimo chake cha h ni 6. Hesabu hizi zinakaaje pamoja? Na nitajuaje kama kazi zake zina uzito?

Furu_wa_Ziwa
Mkuu, h ni idadi kubwa zaidi ya kazi ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara hiyo. Zipange kuanzia iliyonukuliwa zaidi. Bila shaka utakuta kitu kama 9,000, 310, 96, 41, 12, 6, 5, 2. Shuka ukihesabu: ya sita ina 6, inapita, ya saba ina 5, inakwama. Basi h ni 6.

Sasa ifungue hiyo ya 9,000. Naotea ni ule mwongozo wa mbinu za kupima otofaji wa jarida la Autophagy, uliotoka 2008, 2012, 2016 na 2021. Toleo la 2016 na la 2021 kila moja lina waandishi zaidi ya 2,000, na kila mmoja wao anaandikiwa nukuu zote kana kwamba ameandika peke yake! Uondoe: jumla inaporomoka hadi 472, h inakuwa 5. Mwongozo mmoja, hata unukuliwe vipi, hauwezi kuongeza h kwa zaidi ya 1. Kwa fani hii jumla ndiyo inayodanganya.

Kuwamo kwenye orodha hiyo si kosa. Ila usiupeleke kwenye kikundi kama ugunduzi wake.

Capripoint77
Nyongeza. Tenganisha mapitio (makala zinazofupisha kazi za wengine) na kazi za maabara, maana mapitio hunukuliwa kirahisi na watu wanaotafuta sentensi ya utangulizi. Halafu angalia jina: "Levine B" wako wengi, na Scholar huwachanganya kwenye wasifu mmoja. Tumia ORCID, namba ya utambulisho ya kila mtafiti.

Ukitafuta kazi za zamani, kumbuka jeni za otofaji hazikuitwa ATG hadi 2003. Kabla yake kila maabara ilikuwa na lake: APG, AUT, CVT. Makala ya Tsukada na Ohsumi ya 1993, iliyotoa makundi 15 ya hamira zenye jeni zilizoharibika, inatumia "apg". Mtu akiandika "Atg" kwenye kisanduku cha kutafutia anaikosa, na ndiyo mojawapo ya kazi zilizompa Yoshinori Ohsumi Nobel ya 2016. Tena ilitoka kwenye FEBS Letters, jarida la makala fupi. Msidharau vijarida.

Dagaa_Mkavu
Mmemaliza hesabu, sasa fungueni picha za jeli, zile zinazoonyesha kiasi cha protini kwenye kila sampuli. Makala ikisema "otofaji imeongezeka" kwa sababu LC3-II (protini ya LC3 ikishashikamana na vifuko vya otofaji) imepanda tu, iwekee alama ya kuuliza. LC3-II hupanda pia pale lisosomu, kifuko cha seli kinachomeng'enya taka, inaposhindwa kumeng'enya. Ni sawa na kuona foleni ya magari kivukoni ukasema kivuko kinafanya kazi sana, kumbe kimeharibika.

Tafuta safu nne: seli za kawaida, zilizonyimwa chakula, zenye bafilomisini A1 (dawa inayozuia lisosomu kumeng'enya), na zenye vyote viwili. Kipimo cha kawaida cha dawa hiyo ni nanomola 100 kwa saa 2 hadi 4. Ukiacha usiku kucha seli zinaanza kufa na jibu linaharibika. Kama LC3-II ya safu ya nne haizidi ya tatu, kunyimwa chakula hakukuongeza mtiririko, yaani kasi ya otofaji kukamilika. Ilinganishe na aktini (protini ya kawaida isiyotarajiwa kubadilika), si na LC3-I (LC3 isiyoshikamana bado), kwa sababu LC3-I huharibika sampuli zikigandishwa na kuyeyuka mara kwa mara. Umeme ukikatika na friza ikalegea, ndiyo inayotangulia kupotea.

Nyegezi_Darubini
Asante wakuu. Nimekagua, hesabu ni hizo hizo. Makala yake iliyonukuliwa mara 310 haina bafilomisini, ina protini ya p62 tu iliyoshuka.

Dagaa_Mkavu
Peke yake haitoshi, mkuu. p62 huliwa na otofaji, lakini pia seli inaweza kupunguza kuitengeneza. Angalia kama wamepima mRNA yake, yaani nakala ya jeni ambayo seli hutumia kuitengeneza. Isipokuwapo, liulize hilo kwenye kikundi kabla hujataja hiyo 310.