Sacco yetu imeachia programu iamue mikopo. Sheria ya Kenya inasemaje?

Karani_wa_Majani
Hamjambo wadau. Mimi ni afisa wa mikopo katika sacco ya wakulima wa chai, sitaitaja. Kwa miezi mitatu sasa tunatumia programu ya akili unde (AI) inayompa kila mwombaji alama. Zikipungua kiwango, ombi linakataliwa papo hapo. Kazi yangu imebaki kutuma ujumbe tu.

Wiki iliyopita alikuja mama mmoja, mwanachama wa miaka kumi na moja, hajawahi kuchelewesha rejesho. Alitaka karo ya mtoto. Programu ikamkataa. Akaniuliza, "Mwanangu, nimekosa wapi?" Sikuwa na la kumjibu, na lile swali halijaniondoka. Waliotuuzia programu wanasema jinsi inavyopiga hesabu ni siri ya biashara. Ninavyoshuku, shida ni laini yake ya simu: imesajiliwa kwa jina la mwanawe, kwa hiyo mashine haioni pesa yoyote ikipita mkononi mwake.

Mwenyekiti anasema serikali yenyewe ilizindua Mkakati wa Taifa wa Akili Unde mwezi Machi 2025, na kwamba sheria ya akili unde hatuna, kwa hiyo hakuna tunachovunja. Ni kweli? Bodi inakutana Alhamisi.

Wakili_Kando
Si kweli, na usimwachie mwenyekiti hoja hiyo. Mkakati wa 2025 hadi 2030 ni mwelekeo: miundombinu, data, utafiti na ubunifu. Haumruhusu mtu kufanya lolote lililokatazwa mahali pengine. Sheria inayowabana mnayo tayari, nayo ni Sheria ya Kulinda Data ya 2019.

Soma kifungu cha 35. Mtu ana haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito na mashine peke yake. Bodi itakimbilia vighairi, navyo vipo: uamuzi ukihitajika kwa ajili ya mkataba, ukiruhusiwa na sheria, au mhusika akiridhia. Lakini hata hapo mnatakiwa kumjulisha kwa maandishi kwamba mashine pekee ndiyo iliyoamua, naye anaweza kudai uamuzi uangaliwe upya, au ufanywe mwingine usioachiwa mashine. Je, ule ujumbe unaotuma unasema hivyo?

Kisha kifungu cha 31. Uchakataji wa data wenye hatari kubwa kwa haki za watu unahitaji tathmini ya athari, na ripoti ipelekwe kwa Kamishna wa Data siku 60 kabla ya kuanza. Oktoba 2021 Mahakama Kuu iliikatalia serikali kadi za utambulisho za Huduma kwa sababu tathmini hiyo haikufanywa. Mwulize mwenyekiti ya kwenu iko wapi.

Mweka_Hazina_Embu
Niseme upande wa pili, maana nimekaa kwenye kamati za mikopo miaka mingi. Shemeji ya mjumbe alipata mkopo siku hiyo hiyo, mjane akazungushwa mwezi mzima. Programu haimjui shemeji ya mtu. Ukienda Alhamisi ukasema iondolewe, wapo watakaofurahi kwa sababu zao wenyewe. Usiwape nafasi hiyo.

Bahari_Dar
Kaka, huku Tanzania tunaiita akili mnemba, lakini hali inafanana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, ina Tume yake, nayo inagusa maamuzi yanayofanywa na mitambo bila mtu. Watu wengi bado wanasubiri sheria yenye jina la akili mnemba ndipo walalamike. Huyo mama asisubiri.

Takwimu_Kisumu
Mimi hutengeneza programu za aina hii. Mweka Hazina ana hoja, lakini programu iliyofunzwa kwa mikopo ya zamani hujifunza na upendeleo wa zamani, isipokuwa sasa hauna sura ya kuulaumu. "Siri ya biashara" isikutishe. Mtu anaweza kuelezwa ni taarifa zake zipi zilizomshusha bila kuonyeshwa fomula nzima. Umoja wa Ulaya, katika sheria yake ya 2024, umeweka programu za kupima kama mtu anafaa kukopeshwa kwenye daraja la hatari kubwa, na sheria hiyo imeandika haki ya mtu kudai maelezo ya namna hii. Angalia pia kama mnatumia hata rekodi ya akiba ya mwanachama. Nimeona sacco zikinunua programu iliyoundwa kwa mikopo ya simu, isiyojua hisa ni nini.

Karani_wa_Majani
Nimekagua. Rekodi ya akiba na marejesho haimo kabisa. Miaka kumi na moja ya yule mama haikusomwa.

Wakili_Kando
Basi anzia hapo Alhamisi. Omba mambo mawili: alama ziwe ushauri kwa kamati, na kila aliyekataliwa tangu mwanzo aandikiwe barua. Wakigoma, mama anaweza kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Data, ambayo hutakiwa kumaliza uchunguzi ndani ya siku 90.

Karani_wa_Majani
Asanteni sana. Barua ya kwanza nimeiandika usiku huu, ya huyo mama, kwa Kiswahili. Nitampelekea mwenyekiti aitie sahihi kabla ya kikao.