MREJESHO: Maoni kwenye PDF za Zotero sasa yanaonekana
Wakuu, shukrani. Niliuliza kwa nini msimamizi wangu wa tasnifu akifungua PDF niliyomtumia haoni mistari ya njano wala maoni niliyoandika ndani ya Zotero (programu ya kutunza marejeo na kusomea PDF). Aliyesema faili halina kosa alipatia: tangu toleo la 6 la mwaka 2022, maoni hukaa kwenye hifadhidata ya Zotero, PDF yenyewe haiguswi. Dawa ni kubofya faili kwa kitufe cha kulia, kuchagua kulihamisha nje kama PDF, na kutuma nakala hiyo mpya. Ameyaona yote, kaongeza na yake, tena mengi! Kuhariri maandishi yenyewe Zotero haifanyi, kwa hiyo hapo natumia programu nyingine, LibreOffice Draw, ingawa fonti huvurugika kidogo.