Milton Keynes ifike watu 410,000? Mlioko huku semeni

Baba Zuu
Salaam wakuu. Halmashauri yetu hapa Milton Keynes, Uingereza, ilipitisha mkakati mwaka 2021 kwamba ifikapo 2050 tuwe watu 410,000. Sensa ya mwaka huo huo ilitukuta 287,000 na ushei. Waliouchora mji huu 1967 walipiga hesabu ya watu 250,000, kwa hiyo ndoo imeshajaa na bomba bado liko wazi. Nina miaka kumi na minne hapa. Asubuhi barabara ya H6 haipitiki, na kitinda mimba wangu kakosa nafasi shule ya mtaani, namvusha mitaa mitatu. Waendelee kujenga au wapumue kwanza? Binafsi naona mji wenyewe hauna roho, ukiongeza watu sijui unaongeza nini. Tujadili bila matusi.

Bi Mwanaidi
Baba Zuu, hauna roho kwako wewe unayetoka mlangoni ukaingia garini, ukashuka garini ukaingia mlangoni. Roho utaionea wapi, kwenye dashibodi? Jua likitoka nenda ziwa la Willen. Pale kwenye pagoda ya amani, ule mnara wa Kibudha wa 1980 uliokuwa wa kwanza nchi za Magharibi, utakuta Wasomali, Waghana, Wahindi, kila familia na bakuli lake, watoto wanakimbizana na mabata. Kama hiyo si roho, basi niambie ya jirani zetu Luton ikoje.

Kaka wa Luton
Luton imeingiaje hapa?

Njoroge V10
Tusiende mbali na swali. Huu mji umechorwa kama ubao wa drafti. Barabara za V zinapanda, za H zinalala, kila kilomita moja hivi zinakatana, na kila zinapokatana kuna raundabauti. Nyumba zimefichwa nyuma ya miti, gari halipiti mlangoni kwa mtu. Hiyo ndiyo ilikuwa akili yake. Sasa mitaa mipya kama Broughton na Whitehouse wamebadilisha, barabara kubwa inapita mbele ya madirisha ya watu. Kwangu idadi si shida. Shida ni kurefusha nguo kwa kitambaa kingine.

Mgosi wa Tanga
Kwanza inaitwa kipilefti, siyo raundabauti. Pili, mnabishana roho ya mji ambao hata timu ya mpira uliiba. Wimbledon ilikuwa ya watu wa kusini mwa London, imebeba Kombe la FA 1988 kwa kumfunga Liverpool. Imekuja kung'olewa kama mche wa mnazi, ikapandwa huku kwenye vipilefti, ikaitwa MK Dons. Mji wenye roho hauibi.

Dogo wa Netherfield
Mgosi umenigusa pabaya. Kwanza hakuna aliyeiba, tume ya FA, chama cha mpira cha England, ndiyo iliruhusu 2002, kura mbili kwa moja. Pili, timu ilikuwa haina hata uwanja, tangu 1991 inalala kwa jirani Selhurst Park. Mimi nimezaliwa hapa, timu ilipofika 2003 nilikuwa darasa la pili, hiyo ndiyo timu ya kwanza niliyoshikwa mkono kwenda kuiona. Niliiba nini mimi? Halafu Agosti 2014 tuliwapiga Manchester United nne bila. NNE. Dele Alli mtoto wa hapa hapa alikuwa uwanjani. Nyie wa Tanga mna kumbukumbu gani ya karibuni?

Red Devil Temeke
Ile ilikuwa Kombe la Ligi na kocha Van Gaal aliweka watoto. Msijifanye mmemfunga United.

Dogo wa Netherfield
De Gea ni mtoto? Golini alikuwa nani?

Red Devil Temeke
Mlango mmoja tu haufanyi nyumba.

Mgosi wa Tanga
Dogo umeniuliza kumbukumbu. Mwaka ule ule 1988 ambao Wimbledon wanabeba kombe lao, Coastal Union walikuwa mabingwa wa Tanzania Bara. Tangu hapo tumelia njaa. Lakini akija tajiri kesho aseme Coastal ihamie Dodoma kwa kuwa Dodoma inakua na haina timu ya kueleweka, Tanga nzima italala barabarani. Watu wa Wimbledon walifanya nini? Walianzisha yao upya 2002, wakapanda daraja kwa daraja, 2011 wakaingia ligi, 2020 wakarudi nyumbani kwao Plough Lane. Huko ndiko kuna roho.

Bi Mwanaidi
Wanaume mkiona mpira hata nyumba ikiungua mtauliza matokeo.

Baba Zuu
Jamani, shule.

Sele Fundi
Mie wa Unguja, nimeshapanda mapaa mengi ya mji huu, niwaambieni jambo. Wakati wa mwanzo walikuwa na haraka na walipenda usasa. Beanhill ilichorwa na Norman Foster mwenyewe, miaka ya 70 mwanzoni, mapaa bapa. Yakavuja, baadaye ikabidi yawekwe ya kuinuka juu yake. Juzi nilikuwa kwenye nyumba moja, mtaa sitautaja. Ukiibandua lami ya juu, ubao wa chini umelainika kama mkate uliochovywa chai, kidole kinazama. Mwenye nyumba kila mwaka anapaka rangi dari ili doa lisionekane. Mpangaji ana mtoto wa pumu. Sasa mkinambia wanajenga nyumba kwa maelfu tena kwa haraka, mie siulizi watu wangapi. Nauliza nani atarudi baada ya miaka ishirini kuangalia paa.

Njoroge V10
Sele, hapo umesema. Na ni ile ile ya hospitali. Mji umetangazwa 1967, hospitali imefunguliwa 1984. Miaka kumi na saba watu wanapelekwa Northampton au Aylesbury. Nyumba kwanza, huduma baadaye, ndiyo desturi ya hapa tangu zamani za Thatcher alipouanzisha.

Bi Mwanaidi
Thatcher hakuanzisha chochote, Njoroge. Serikali ilikuwa ya Labour, ya Harold Wilson. Thatcher alikuja 1979 kufungua jengo la maduka, akakata utepe akaondoka.

Njoroge V10
Sawa mama, nimesahihishwa. Hoja iko pale pale.

Red Devil Temeke
Hata hao ng'ombe wa sanamu mnaojivunia ni wa zege. Mji gani una ng'ombe wasiotoa maziwa.

Dogo wa Netherfield
Umeanza. Wale aliwatengeneza msanii Liz Leyh 1978, pamoja na watoto wa shule. Miaka yote wanaotucheka ni watu ambao hawajawahi kushuka stesheni.

Rehema zamu ya usiku
Mimi nasoma tu tangu juzi, sikutaka kuingia. Nyote mnaongea kama watu wenye magari. Nalea wazee, natoka saa nne usiku. Basi likinipita natembea kwa njia nyekundu, zile za baiskeli na miguu. Mchana ni nzuri, mwanangu kajifunzia baiskeli humo. Usiku ni kitu kingine. Inazunguka nyuma ya miti ile ile mnayoisifia, nyumba huzioni na wao hawakuoni. Halafu inazama chini ya barabara. Kuna kivuko kimoja taa yake inawaka na kuzima, nikifika pale natoa hereni naweka mfukoni, naziba simu kifuani, nahesabu hatua. Hamsini na mbili. Juu yangu nasikia magari ya watu yanapita kwa raha. Baba Zuu anauliza waongezwe watu. Mimi waongezwe hata kesho. Nyumba zikiwa karibu na njia mtu atanisikia nikipiga kelele.

Baba Zuu
Dada Rehema, pole. Hilo sikuwa nimelifikiria. Lakini wakijaza nyumba si ndiyo wataikata hiyo miti?

Sele Fundi
Miti hawaigusi kirahisi. Shirika lililojenga mji lilipovunjwa 1992, bustani na mabonde hayakupewa halmashauri kuyatunza. Yalikabidhiwa shirika la hisani, Parks Trust, kwa mkataba wa miaka 999, na wakapewa majengo ya biashara ya kupangisha ili kodi yake ndiyo ikate majani. Huo ndio ujanja mkubwa kuliko vipilefti vyote. Halmashauri ikifilisika, ziwa la Willen bado litafyekwa nyasi.

Njoroge V10
Raundabauti.

Mgosi wa Tanga
Kipilefti.

Bi Mwanaidi
Rehema mwanangu, kivuko gani hicho? Kama ni kile cha kuelekea kwetu, ile taa nimeshairipoti mara tatu na kila mara wananitumia namba ya kumbukumbu. Ninazo tatu. Nitumie ujumbe pembeni, Ijumaa na Jumamosi mume wangu yuko barabarani saa hizo.

Kaka wa Luton
Bado nasubiri kuelezwa Luton ilifanya nini.

Dogo wa Netherfield
Mgosi hujajibu. Wimbledon wakibaki Selhurst Park mpaka leo mngewalipia kodi nyinyi?

Mgosi wa Tanga
Na vikombe vyao mlivirudisha 2007, mkavipeleka Merton, kwenye halmashauri yao. Kama timu ilikuwa halali yenu, mlirudisha kwa nini?