Mizani Haisogei: Gumzo la Kikundi cha Wajukuu wa Bibi Somoe

Fatuma (Shangani): Shikamoo Mjomba, na ninyi wengine hamjambo. Ninaandika kuwaarifu kwamba najitoa katika kundi letu la kutembea alfajiri. Tangu Idi ipite nimekuwa nikiamka kabla jua halijachomoza na kutembea ufukweni saa nzima pamoja na kina mama wenzangu, jasho linanitoka na visigino vya viatu vimeanza kulika, lakini kila nikipanda mizani ya duka la dawa naonyeshwa kilo zilezile. Kama mazoezi yanapunguza mwili, mbona wangu haupungui?

Mjomba Saidi (Mikindani): Marahaba, Fatuma. Nashukuru kwamba umeandika sentensi kamili kama tulivyokubaliana, tofauti na wenzako fulani ambao ujumbe wao inanilazimu niupeleke kwa wajukuu wanisomee. Kabla hujajitoa, msubiri Rehema atoke zamu hospitalini, kwa sababu swali lako linanihusu na mimi mwenye sukari, ambaye kila nikienda kliniki naambiwa nitembee.

Hamisi (Newala): Shikamoo Mjomba. Mimi naona jibu liko wazi. Bibi alilima, alitwanga, alipanda na kushuka na ndoo ya maji kutoka bondeni, na mpaka anafariki dunia hakuwa na kitambi. Kutembea ufukweni ukipigwa na upepo ni matembezi ya starehe. Fatuma aje huku tupalilie mikorosho msimu mmoja tu, halafu apande tena hiyo mizani.

Rehema (Lindi): Shikamoo Mjomba, habari zenu ndugu zangu. Nimesoma yote. Fatuma, mizani yako haijakudanganya, ila umeipa kazi isiyo yake. Sehemu kubwa ya nishati ambayo mwili hutumia kwa siku, kwa watu wengi kiasi cha asilimia 60 hadi 70, huenda katika kuuendesha mwili wenyewe, yaani moyo, ubongo, ini, figo na joto la mwili, hata mtu akiwa amelala kitandani. Mtu wa kilo 70 akitembea kwa mwendo wa kawaida saa nzima hutumia takriban kilokalori 250 hadi 300, na baadhi ya hizo angezitumia hata kama angekaa barazani. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takriban kilokalori 7,700. Piga hesabu mwenyewe uone kwamba kutembea kila siku bila kugusa chakula kungekuondolea kilo moja kwa mwezi au zaidi ya mwezi, na hiyo ni hesabu ya karatasini, ambayo mwili hauifuati kwa uaminifu. Sasa niambie, mkimaliza kutembea huwa mnafanya nini?

Fatuma (Shangani): Tunapita kwa muuza chai pale njiani. Nakula chapati mbili na chai ya maziwa, na kama kuna korosho za kukaanga tunanunua tunatafuna tukirudi nyumbani. Korosho nazo ni dhambi, hapa Mtwara?

Zuhura (Mtwara, stendi): Wifi Rehema, nakuomba uchague maneno, maana unaongea juu ya riziki yangu. Lakini kwa kuwa mimi ndiye ninayesimama nyuma ya jiko, nitasema ninachokiona: wateja wanaotoka mazoezini ndio wanaoagiza kwa moyo mkunjufu kuliko wote. Anayekuja akiwa hajafanya chochote huomba chapati moja kwa haya, na aliyetoka kukimbia huomba tatu na kuniambia kwamba leo amezitolea jasho.

Rehema (Lindi): Zuhura umenimalizia kazi. Korosho si dhambi, Fatuma, ni chakula kizuri chenye protini, madini na mafuta yasiyoudhuru moyo, lakini gramu 100 zake zina zaidi ya kilokalori 550, kwa hiyo konzi mbili tu zinaweza kurudisha karibu yote uliyoyatumia ufukweni, kabla hatujazigusa chapati na vijiko vya sukari ndani ya chai. Mazoezi pia huongeza hamu ya kula kwa baadhi ya watu, na wengine hujilipa bila kujua kwa kukaa zaidi mchana kutwa. Kupunguza uzito huanzia kwenye sahani, mazoezi yakisaidia. Wanaowaambia watu kwamba wataukimbia unene huku wakila vilevile wanawavunja moyo, na ndiyo maana wengi hujitoa kama unavyotaka kujitoa wewe.

Hamisi (Newala): Hujanijibu kuhusu Bibi, dada.

Rehema (Lindi): Nakujibu sasa. Mwaka 2012 mtafiti Mmarekani Herman Pontzer na wenzake walichapisha kazi yao kuhusu Wahadzabe wa hapa kwetu Tanzania, wanaoishi kando ya Ziwa Eyasi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Waliwanywesha maji maalumu ambayo kiasi chake hufuatiliwa katika mkojo, ili kujua kila mtu anatumia nishati kiasi gani kwa siku nzima. Wahadzabe wanatembea na kufanya kazi ngumu kuliko watu wa mijini wa Marekani na Ulaya, lakini ukubwa wa mwili ulipozingatiwa, jumla ya nishati waliyotumia kwa siku haikuwa tofauti na ya wale wa mijini. Pontzer anaeleza kwamba mwili ukizoea kazi nyingi hubana matumizi mahali pengine, kama kaya inayopunguza mambo ya pembeni pale malipo ya korosho yanapochelewa. Wataalamu bado wanabishana ni kwa kiasi gani mwili hubana hivyo. Kwa hiyo jembe peke yake halielezi wembamba wa Bibi. Tazama na alichokula: ugali wa muhogo, kunde, kisamvu, samaki mkavu, ming'oko ya porini, na sukari ilionekana nyumbani kwake kukiwa na sikukuu au mgeni. Wewe leo unalima kama yeye, lakini unakunywa soda mbili kabla ya adhuhuri.

Hamisi (Newala): Hilo la soda limetoka kwa mke wangu, nalijua.

Mjomba Saidi (Mikindani): Hamisi, mwache mkeo. Rehema, kama mambo ndiyo hayo, basi kliniki wananitembeza kwa sababu gani? Nami sina kitambi kikubwa cha kupunguza.

Rehema (Lindi): Mjomba, hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe, na ningependa Fatuma asome taratibu. Mwaka 1953 daktari aitwaye Jerry Morris alichapisha uchunguzi wa wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alikaa kwenye kiti zamu nzima, na kondakta alipanda na kushuka ngazi siku nzima akikata tiketi. Makondakta walipata ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva, na wale waliougua, ugonjwa uliwajia wakiwa na umri mkubwa zaidi. Watu wakasema labda ni kwa sababu makondakta walikuwa wembamba. Morris na wenzake wakafuatilia hadi vipimo vya viuno vya suruali za sare, wakakuta kwamba madereva kweli walikuwa na viuno vipana, lakini kinga ya makondakta ilionekana kwa wembamba, wa wastani na hata wanene. Kazi ile ya miguu iliulinda moyo wa mtu hata pale ambapo haikumpunguza mwili.

Kwa mwenye sukari kuna sababu nyingine ya karibu zaidi. Msuli unapofanya kazi huivuta sukari kutoka kwenye damu hata kama insulini ya mtu, yaani homoni inayosaidia sukari kuingia kwenye misuli, ni dhaifu, na baada ya mazoezi msuli huendelea kuitikia insulini vizuri kwa saa nyingi. Ndiyo maana kutembea dakika 10 au 15 mara baada ya kula kunasaidia, kwa kuwa ndio wakati sukari inapopanda. Shinikizo la damu nalo hushuka, usingizi huwa mzuri, na mafuta yanayozunguka ini na utumbo, ambayo ndiyo mabaya kuliko yale ya mapaja, hupungua hata pale kilo zinapobaki palepale. Fatuma, umewahi kujipima kiuno kwa utepe?

Fatuma (Shangani): Sijajipima, lakini gauni nililoshonewa kwa ajili ya Idi limeanza kunilegea kiunoni. Nilidhani kitambaa kimetanuka kwa kufuliwa.

Zuhura (Mtwara, stendi): Wifi, kitenge hakitanuki. Mimi ndiye niliyekuchagulia.

Rehema (Lindi): Basi jibu unalo mwilini. Chukua utepe wa fundi, pima juu ya kitovu kidogo, kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi. Kwa mwanamke, kiuno kikizidi sentimita 80 hatari huanza kupanda, na kwa mwanamume ni 94. Pima mara moja kwa mwezi na uache kupanda mizani kila ukipita duka la dawa.

Halafu usitupe kutembea kwa sababu ya siku za mbele. Nchini Marekani kuna daftari la watu waliopungua angalau kilo 13 na wakakaa mwaka mzima au zaidi bila kurudia unene, lililoanzishwa mwaka 1994. Walipungua kwa njia mbalimbali, lakini takriban tisa katika kila kumi kati yao hufanya mazoezi kwa wastani wa saa moja hivi kwa siku, na kutembea ndiko kunakoongoza. Chakula humshusha mtu, mazoezi humzuia asirudi alikotoka.

Hamisi (Newala): Na sisi tunaocheza mpira Jumamosi ya pili ya mwezi, ile iliyotangazwa kuwa ya mazoezi, tumo?

Rehema (Lindi): Mmo kwa siku hiyo moja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mtu mzima afanye dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila wiki, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Palizi yako inahesabiwa, kwa hiyo wewe una nafuu. Fatuma ndiye anayekosa ya misuli, na hayahitaji ukumbi wala ada: kusimama na kuketi kwenye kiti bila kushika popote, au kuinua vidumu vya maji. Anayepunguza chakula bila kuitumikisha misuli hupoteza nyama pamoja na mafuta.

Fatuma (Shangani): Basi nimeghairi kujitoa. Nitaacha chapati moja na sukari ya chai, na korosho nitazila nyumbani kwa kipimo. Zuhura, usinune.

Mjomba Saidi (Mikindani): Mimi nitaanza kutembea baada ya chakula cha jioni, kutoka nyumbani hadi Boma la zamani na kurudi. Natumia dawa za kisukari, metfomini na glibenklamidi. Kuna la kuangalia?

Rehema (Lindi): Lipo, Mjomba, na ni hiyo glibenklamidi, kwa sababu inaweza kuishusha sukari kupita kiasi mtu akitumia nguvu. Pima kabla ya kutoka kwa siku za mwanzo, beba pipi mfukoni, na ukiona kipimo kiko chini ya 4 (milimoli kwa lita), au ukitetemeka na kutoka jasho la baridi, kaa chini unywe kitu chenye sukari kwanza. Vaa viatu vya kufunika, acha kandambili, na ukirudi kagua nyayo zako kwenye mwanga.

Fatuma (Shangani): Rehema, njia ya kwenda Boma ina kilima.

Rehema (Lindi): Apande kwa mwendo ambao anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Akishindwa kuzungumza apumzike, na akihisi kifua kinambana asimame hapohapo, aombe apelekwe hospitali bila kuchelewa, na anipigie simu.