Tupeane uzoefu: gari la shule wakati wa mlipuko wa ugonjwa, kipi kinga na kipi maigizo

mama_watatu
Wakuu, shule zetu Tanzania zilifungwa 17 Machi 2020 kwa sababu ya korona, na za msingi zikarudi 29 Juni. Wakati ule wazazi tuliulizana sana kuhusu madawati, ndoo za maji tiririka na barakoa. Gari la shule tulilisahau, wakati mtoto wa Mbezi anayesoma mjini anakaa humo saa nzima kabla hajamwona mwalimu, bega kwa bega na watoto wa madarasa mengine. Ugonjwa mwingine wa njia ya hewa ukija, tutarudi kwenye maswali yale yale. Wanaojua magari, afya na ratiba washushe hatua na vipimo. Stori za "mimi siku moja" tuziweke kando.

fundi_koasta
Anzeni na madirisha. Yanakinga kuliko dawa zote mtakazonunua, na ni bure. Vioo vya Coaster, basi dogo la Toyota linalobeba wanafunzi wengi, ni vya kuslaidi, na mara nyingi kinachovizuia ni vumbi lililogandamana kwenye reli ya chini. Konda akivuta mara mbili kikigoma, anakiacha hivyo hivyo mwaka mzima. Toa vumbi kwa mswaki mkavu, futa kwa kitambaa chenye sabuni, pakikauka pulizia silikoni. Grisi msipake, inanasa vumbi jipya na kioo kinagoma tena.

Mzazi anaogopa mtoto atatoa mkono au kichwa, na ana haki. Kata kijiti cha mbao, kilaze ndani ya reli, ili kioo kikishafunguka sentimita 10 kigonge kijiti kisimame. Madirisha yote yafunguliwe kiasi hicho, si mawili kufunguliwa wazi na mengine kufungwa. Mvua ikiwa kubwa, acheni la mbele upande mmoja na la nyuma upande wa pili, hewa ikatize gari zima.

AC ya darini isiwadanganye. Inavuta hewa ya humo humo, inaipoza, inairudisha. Mkiwasha AC, madirisha yabaki wazi kidogo hata kama mafuta yanaliwa. Kwenye dashibodi kuna kitufe au kiwiko cha hewa: kiwe upande wa kuingiza hewa ya nje, si ule wenye mshale unaozunguka ndani ya gari.

baba_junior
Shule ya wanangu ilikuwa na mtu mlangoni na bomba la mgongoni, kila mtoto anapuliziwa dawa kabla ya kupanda. Si hiyo ingetosha?

nesi_zamu
Hapana kaka, hiyo iacheni kabisa. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2020 kwamba binadamu asipuliziwe dawa kwa hali yoyote. Klorini inaunguza macho na ngozi, na mwenye pumu inambana kifua. Virusi vilivyo kwenye pumzi ya mtoto havitoki kwa kulowesha shati lake. Na wa nyungu (kujifukiza mvuke), fanyeni nyumbani kwenu, kwenye gari msituletee.

Usafi wa gari ni kwa kitambaa. Jik ya kawaida, ile dawa ya klorini ya kung'arisha nguo, ni asilimia 3.5 (someni lebo). Kwa nyuso ngumu tunataka asilimia 0.1, yaani sehemu 1 ya Jik kwa sehemu 34 za maji. Kwa vitendo: mililita 30, vijiko viwili vya chakula, kwa lita 1 ya maji. Lita 2 au 3 zinatosha Coaster nzima. Ile ya kupimiwa kwenye chupa ya maji isiyo na lebo msiitegemee, nguvu yake haijulikani.

Utaratibu: sabuni na maji kwanza, kwa sababu uchafu na jasho vinaimaliza klorini kabla haijafanya kazi. Kisha Jik kwenye vishikio vya mlango, bomba la kujishikia, migongo ya siti, buckle za mikanda na reli za madirisha. Subiri dakika 10, futa kwa maji safi, hasa kwenye chuma, la sivyo kutu itafuata. Siti za kitambaa Jik inazipausha, hizo futeni kwa sabuni au zivalishwe rexine (ngozi bandia). Mchanganyiko ni wa siku ile ile. Usichanganywe na siki, sabuni ya chooni wala dawa nyingine: inatoka hewa ya sumu. Madirisha yawe wazi, watoto wasiwepo.

Mara moja asubuhi na mara moja mchana inatosha. Muda na pesa vinavyobaki pelekeni kwenye madirisha ya fundi.

mama_watatu
Asante dada. Na idadi ya watoto? Tukisema "level siti" tumemaliza?

suka_njia_ndefu
Hujamaliza mama. Level siti ya daladala za Dar ilizuia kusimama tu, waliokaa walibaki wamebanana. Kenya walikwenda mbali zaidi: Machi 2020 matatu ya abiria 14 iliamriwa kubeba 8.

Kwenye Coaster angalia siti za kukunja, zile za katikati ya njia. Hizo ndizo zinazoongeza kichwa kila mstari, na ndizo zinazoziba njia ikitokea ajali. Zikunjwe, zifungwe kwa waya, zisiguswe mpaka ugonjwa uishe. (Binafsi ningezing'oa hata bila ugonjwa.) Mstari wa nyuma ya dereva ubaki wazi. Ndugu wa nyumba moja wakae siti moja, wameshalala chumba kimoja, kuwatenganisha ni kupoteza nafasi.

Mpangilio: asubuhi anayepandia kituo cha mbali anakwenda nyuma kabisa, wanaofuata wanajaza kuja mbele, ili hakuna anayempita mwenzake. Shuleni wanashuka wa mbele kwanza. Jioni: anayeshuka mwisho ndiye anayeingia wa kwanza na kwenda nyuma.

mratibu_usafiri
Hapo kwenye kupunguza watoto kuna mtego ambao wazazi hawauoni. Mwenye gari akiambiwa abebe nusu, atapiga trip mbili. Piga hesabu: trip ya kwanza dakika 45, kurudi tupu 25, ya pili 45, jumla dakika 115. Ili wote wafike saa 1:15, mtoto wa kwanza anachukuliwa saa 11:20 alfajiri, barabarani giza, na dereva anakimbiza muda. Umemkinga na kirusi, umemweka kwenye hatari ya ajali.

Ombeni shule ipishanishe madarasa: wakubwa waanze saa 1:30, wadogo saa 2:30. Trip mbili zinaingia bila kukimbizana. Na muandikiane idadi ya siti, si "tutapunguza". Nauli ya siti iliyobaki wazi ikubaliwe mapema nani anailipa, maana mwenye gari dizeli yake haipungui. Msipokubaliana, wiki ya tatu siti za kukunja zinafunguliwa kimya kimya.

dada_kasarani
Kwa barakoa, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF wa Agosti 2020: walio chini ya miaka 6 wasilazimishwe, wa miaka 6 hadi 11 kulingana na hali, kuanzia 12 kama watu wazima. Andikeni jina kwa kalamu ya wino usiofutika, watoto hubadilishana kama stika. Weka ya akiba kwenye mkoba, iliyoloa jasho au mvua haifai tena.

baba_junior
Na kipima joto cha bunduki mlangoni?

nesi_zamu
Kinasaidia kidogo. Paji lililopigwa na jua linasoma juu, lenye jasho linasoma chini. Mtoto akae kivulini kidogo, futa jasho, shika kifaa kwa umbali ulioandikwa kwenye maelezo yake, mara nyingi sentimita 3 hadi 5. Tatizo kubwa liko nyumbani: mzazi anampa mtoto Panadol saa 11 ili asikose shule, homa inashuka kwa saa nne hivi, bunduki inasoma 36.5, mchana mtoto anachemka darasani. Matroni, yule anayesindikiza watoto kwenye gari, aulize kila asubuhi: amepewa dawa yoyote tangu jana usiku?

Na huyo matroni anashika kila mkono, anafunga kila mkanda, tena ni mtu mzima. Yeye na dereva ndio walio hatarini kuliko watoto. Akae karibu na mlango, dirisha lake wazi, barakoa yake isishuke kidevuni.

fundi_koasta
Kitakasa mikono kisiachwe kwenye dashibodi juani, ni spirti hiyo, inawaka. Kiwe chenye alkoholi asilimia 60 au zaidi, matroni ndiye amimine, wadogo wasishike chupa.

mratibu_usafiri
La mwisho kwangu, daftari la siti. Tarehe, namba ya siti, jina, kituo, simu ya mzazi. Nakala shuleni, nakala kwenye gari. Mtoto akigundulika, unaangalia waliokaa ndani ya mita 1 kwa dakika 15 au zaidi, hao ndio unawapigia simu, badala ya kufunga gari zima. Tunzeni kurasa siku 14 kwa uchache. Daftari hilo hilo litumike jioni: matroni atie alama kila anayeshuka, kisha atembee mpaka siti ya nyuma na kuchungulia chini ya siti kabla dereva hajazima gari. Mtoto aliyelala kwenye Coaster iliyofungwa juani hana muda mrefu.