Msaada wakuu: PC inalia tu, kioo cheusi, fundi anataka ninunue madabodi

mama_steshenari: Habari za leo wakuu. Niko Tanga, nina kasteshenari kangu, juzi tumehama fremu tukabeba kompyuta ya mezani kwa bajaji, tangu nimeifunga huku kwenye fremu mpya feni inazunguka, taa inawaka ila kioo cheusi tii na inapiga mlio unarudiarudia. Fundi kaja kaangalia dakika mbili kasema madabodi (ile bodi kuu ya ndani) imekufa, bei yake inakaribia PC nyingine yused. Wateja wa kutoa kopi wananikimbia, nimlipe au nisubiri?

waya_mwekundu: Usimlipe kwanza dada. Madabodi iliyokufa kabisa inapata wapi nguvu ya kulia? Milio inatofautiana kulingana na BIOS (programu ya kuwashia PC) ni ya kampuni gani, lakini mlio wa kurudiarudia bila picha mara nyingi ni RAM (kile kibao cha kumbukumbu), na kwa mtikisiko wa bajaji inawezekana kabisa imecheza kwenye sloti, pale inapochomekwa kwenye madabodi. Zima, chomoa waya wa ukutani, bonyeza batani ya kuwasha sekunde kama kumi umeme uliobaki uishe, gusa bodi ya chuma ya keisi kutoa umeme tuli mwilini, ndo ufungue vishikio uchomoe RAM. Kuirudisha angalia kale kamkato kakae sawa na kamwinuko ka kwenye sloti, kandamiza pande zote mbili mpaka vishikio vijifunge vyenyewe, watu wengi wanaogopa kukandamiza wanaiacha nusu.

mzee_wa_bodi: Naongezea. Huko pwani unyevu na chumvi vinaweka ukungu kwenye zile pini za dhahabu, kwahiyo kabla hujairudisha zifute kwa kitambaa laini chenye spiriti iache ikauke. Msasa USIGUSE, unakwangua dhahabu yenyewe. Halafu asije mtu akakwambia ung'oe na prosesa (ubongo wa kompyuta), ile ukishaing'oa lazima upake upya pesti ya kupitisha joto, iache ilivyo.

kijana_wa_moshi: Mi huwa natumia kifutio cha penseli tu

mzee_wa_bodi: Kinafanya kazi mkuu ila vumbi lake likiingia kwenye sloti umejitafutia kazi nyingine, pangusa vizuri.

mama_steshenari: Jamani IMEWAKA!! Asanteni sana Mungu awabariki. Ila zilikuwa RAM mbili za GB 4 sasa inasoma GB 4 tu.

waya_mwekundu: Safi sana dada. Zima tena, acha moja tu, ijaribu sloti ya kwanza kisha ya pili, halafu fanya hivyohivyo na nyingine. Inayogoma kotekote ndo mbovu, ila kama zote zinagoma sloti ileile basi tatizo ni sloti. Ukienda kununua beba ya zamani mkononi, RAM za mezani aina ya DDR3 zina pini 240 na za DDR4 zina 288, mikato yake haifanani na haziingiliani hata ulazimishe.