Korosho: niendelee kuuza ghafi au niingie kwenye ubanguaji?

Mkulima wa Newala:
Wakuu, salaam. Nimerithi mikorosho ya marehemu baba huku Newala. Kila msimu napeleka mzigo AMCOS (chama chetu cha ushirika cha wakulima), unakwenda ghala kuu, unapigwa mnada, nami nasubiri hela benki. Kisha meli inaubeba na maganda yake kwenda India au Vietnam. Inaniuma, maana kina mama wa kijijini wanajua kubangua na hawana kazi. Niweke mtaji nao?

Mzoefu wa kiwanda:
Mkuu, kwanza piga hesabu. Korosho ghafi kilo nne hadi tano hutoa kama kilo moja ya korosho karanga, yaani iliyobanguliwa, na ikivunjika bei inaanguka. Kinachoua wabanguaji wetu ni mtaji: mavuno yanaanza Oktoba na minada inakwisha ndani ya miezi michache, hivyo unanunua mzigo wa mwaka mzima kwa mkupuo huku riba inakimbia. Mvietnamu akimaliza ya kwetu anachukua ya Afrika Magharibi, wanaovuna kuanzia Februari. Mashine zake hazilali.

Dada wa Mtwara:
Kutegemea wanunuzi wa ghafi nako ni hatari. 2018 wakulima walikataa bei ya mnadani, Rais Magufuli akaagiza serikali inunue kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likasomba.

Mkulima wa Newala:
Asanteni sana. Basi nitabangua magunia machache na kina mama, nyingine ziende mnadani. Dada, wenye hoteli huko Mtwara wananunua korosho karanga za rejareja?